Nahodha wa Manowari ya Bomba Tatu

Wahariri wa jarida letu waliponiomba niandike habari za maisha ya mtu mmoja mashuhuri wa zamani, nadhani walitegemea nitachagua mmoja wa viongozi ambao picha zao tulizitazama kila asubuhi ukutani mwa darasa. Nawaomba radhi. Nimemchagua Mjerumani, tena mwanamaji, aliyefariki mwaka 1954. Jina lake ni Max Looff, nahodha wa manowari Königsberg. Wanafunzi wa sasa huenda hawajapata kumsikia, na wenzangu wa zamani watauliza mtu wa bahari anatuhusu nini sisi wa Babati, ambao maji yetu makubwa ni ziwa letu lenye viboko. Nitaeleza.

Mwaka 1996 nilikuwa kidato cha tatu, wakati Babati ingali wilaya moja ya Mkoa wa Arusha. Tulikuwa tukisoma habari za Vita Kuu ya Kwanza. Jumamosi moja nikaenda Bonga kumsalimu babu, mzaa baba, na kwa majivuno ya mwanafunzi nikaanza kumfundisha yale niliyofundishwa juma lile. Babu akasikiliza mpaka mwisho. Kisha akasema kuwa baba yake na baba yake mdogo walichukuliwa na Wajerumani katika vita hivyo, wakavutishwa mzinga wa meli kutoka relini hadi Kondoa. Nikacheka. Nikamwuliza, meli Kondoa, bahari iko wapi? Babu hakunijibu. Alitoa kikopo chake cha ugoro, akanusa, akayageuza mazungumzo kuwa ya mbaazi. Mambo hayo hakunisimulia tena.

Sasa turudi kwa nahodha wetu.

Looff alizaliwa Ujerumani mwaka 1874, akaingia katika jeshi la maji na kupanda vyeo kimoja baada ya kingine hadi Aprili 1914 alipokabidhiwa Königsberg. Manowari hiyo ilikuwa imeshushwa majini huko Kiel mwaka 1905. Urefu wake ulikuwa mita 115, ilibeba mizinga mikubwa 10 yenye mdomo wa sentimita 10.5, na ilikuwa na mabaharia zaidi ya 300. Ilipofika Dar es Salaam mwanzoni mwa Juni 1914 wenyeji waliitazama, wakahesabu mabomba yake ya moshi, wakaiita Manowari na bomba tatu. Jina hilo ndilo lililodumu midomoni mwa watu wa pwani, kwa maana Königsberg si neno la kutamkwa na kila ulimi.

Mwisho wa Julai ilionekana wazi kuwa vita vinakuja. Looff alifahamu kuwa manowari za Waingereza zikimkuta ndani ya bandari zitamfungia humo kama kuku tunduni. Tarehe 31 Julai akang'oa nanga, na nje akakuta manowari tatu zikimngojea, lakini mvua na mwendo wa meli yake vikamwokoa. Tarehe 6 Agosti, karibu na pwani ya Omani, aliikamata meli ya biashara ya Waingereza iliyoitwa City of Winchester, iliyobeba chai. Hiyo ndiyo meli pekee ya biashara aliyoipata katika vita vyote. Taabu yake kubwa ilikuwa makaa ya mawe. Meli ya namna ile hula makaa kama moto wa kiangazi ulavyo majani, na bandari nyingi za karibu zilikuwa za Waingereza au rafiki zao. Basi mwanzoni mwa Septemba akaingia katika delta ya Rufiji, ambako Wajerumani walikuwa wameipima mifereji vizuri kuliko Waingereza, akajificha ndani ya mikoko.

Alitoka humo mara moja tu kwenda kupigana. Alfajiri ya Jumapili, tarehe 20 Septemba 1914, aliikuta manowari ya Waingereza, Pegasus, imetia nanga bandarini Unguja, mitambo yake ikitengenezwa. Pegasus ilikuwa meli kuukuu na mizinga yake haikuweza kumfikia. Kwa muda usiotimia saa moja mambo yalikwisha. Mabaharia 31 wa Pegasus walikufa siku ile, wengine 55 walijeruhiwa, na baadhi ya majeruhi hao wakafa baadaye hata hesabu ya marehemu ikafika 38. Wengi walizikwa katika kisiwa kidogo cha Chapwani, mbele ya mji wa Unguja, ambacho kwa ajili ya makaburi yake kimeitwa Kisiwa cha Makaburi. Majina yao yaliandikwa. Mjukuu wa baharia wa Pegasus akitaka kujua babu yake alilala wapi, lipo daftari la kumwonyesha.

Wapo wanaomsifu Looff kwa ushindi huo. Mimi naona kumpiga mtu aliyefunga nanga na aliyefungua mitambo yake si jambo la kuimbiwa nyimbo, ingawa vita ni vita, na Waingereza nao wangefanya hivyo hivyo. Sifa ya Looff, kama anayo, ipo katika yaliyofuata.

Mitambo ya Königsberg nayo iliharibika. Looff akarudi Rufiji, naye hakuwa na karakana wala gati. Karakana ya kufaa ilikuwa Dar es Salaam, ya reli, zaidi ya kilometa 100 kutoka pale kwa njia ya nchi kavu. Ndipo likafanyika jambo ambalo vitabu vingi hulimaliza kwa sentensi moja. Sehemu za mitambo zilifunguliwa, zikawekwa juu ya magogo yaliyochongwa mfano wa sleji, zikaburutwa na watu, mamia kwa mamia, katikati ya vinamasi na pori mpaka Dar es Salaam, zikatengenezwa, kisha zikaburutwa tena kurudi Rufiji. Hapakuwa na barabara. Ng'ombe wasingefaa kwa sababu ya mbung'o. Kila futi ya safari ile ilikuwa bega la mtu. Kazi ikafanikiwa na meli ikapona, lakini kwa wakati huo Waingereza walikwisha kuigundua, tarehe 30 Oktoba, na tarehe 10 Novemba wakazamisha meli yao moja kuukuu, Newbridge, katika mfereji mmoja ili kuziba njia.

Tangu hapo hadi Julai 1915, kwa zaidi ya miezi minane, Looff alikaa katika matope yale akiwa amezingirwa. Mabaharia waliugua homa. Wengine walishushwa pwani kwenda kupigana kama askari wa miguu. Ujerumani ilimpelekea meli ya kumwokoa, Rubens, iliyojifanya meli ya Denmark, imebeba makaa na silaha. Ilizunguka Afrika kwa upande wa kusini, lakini mwezi Aprili 1915 iligunduliwa ikapigwa katika ghuba ya Manza, kaskazini ya Tanga. Silaha nyingi ziliokolewa zikaenda kwa jeshi la nchi kavu. Makaa ya Looff hayakumfikia. Kwa upande wao Waingereza waliitwaa Mafia, wakatengeneza humo kiwanja cha ndege, na kutoka Malta wakaleta manowari mbili za kina kifupi, Severn na Mersey, ambazo zingeweza kupanda mto.

Tarehe 6 Julai zilishambulia, na Looff akazifukuza. Jumapili tarehe 11 Julai zikarudi, na safari hii ndege ilizunguka juu ikiwaelekeza wapigaji makombora yao yanaanguka wapi. Ndege hiyo iliangushwa, lakini hata ilipokuwa ikianguka iliendelea kutoa ishara. Königsberg ikawaka moto. Looff, aliyekuwa amejeruhiwa, aliamuru watu wake washuke, kisha akaizamisha meli kwa baruti yake mwenyewe ili adui asiipate. Mabaharia waliosalia waliwazika wenzao, zaidi ya 30, ukingoni mwa mto, wakasimamisha ubao wenye jina la kila mmoja.

Naomba msomaji aukumbuke ubao huo. Katika joto lile, wakiwa wameshindwa, nahodha wao kajeruhiwa na meli yao imelala ubavu ndani ya tope, walipata wasaa wa kuandika majina. Sisi tunaofanya kazi za ofisi tunaijua thamani ya orodha. Jeshi la maji la Ujerumani lilimjua kila mpishi na kila mchochea moto wa meli ile. Lakini wale walioiburuta mitambo yake kwenda Dar es Salaam na kuirudisha hawakupata ubao. Kwa hakika pasipo wao Königsberg ingekuwa chuma chakavu tangu mwaka 1914.

Vita vya Looff havikuishia mtoni, wala vya mizinga yake. Yote 10 ilitolewa majini, ikapelekwa Dar es Salaam, na karakana ile ile ya reli ikaiundia magurudumu. Mzinga mmoja, bila kuhesabu gari lake, ulikuwa na uzito wa kilo 1,500 hivi. Kutoka hapo ikatawanywa nchi nzima. Mmoja ulikwenda Kigoma na kufungwa katika meli Graf von Götzen, ambayo Wajerumani waliizamisha mwaka 1916, Waingereza wakaiopoa mwaka 1924 na kuipa jina la Liemba. Wenzetu waliopata kufanya kazi Kigoma wanaifahamu vizuri. Mwingine uliachwa Kahe baada ya kuharibiwa mwezi Machi 1916. Na mwingine ulikwenda Kondoa.

Naam, Kondoa. Mwezi Aprili 1916 Jenerali van Deventer alitoka Arusha na wapanda farasi wa Afrika Kusini, akapita Lolkisale, akapita Ufiome, yaani chini ya mlima wetu wa Kwaraa, mvua za masika zikimnyeshea na farasi wake wakifa njiani, akaingia Kondoa tarehe 19 Aprili. Wajerumani waliokuwa upande wetu walirudi nyuma mbele yake. Kamanda wao, von Lettow-Vorbeck, akaleta vikosi kwa reli na kwa miguu, akashambulia usiku wa tarehe 9 Mei, akashindwa, lakini akabaki katika vilima vya Kondoa hadi karibu mwisho wa Juni akiutupia mji makombora. Miongoni mwa mizinga iliyonguruma pale ulikuwamo wa Königsberg.

Haya niliyasoma mwaka wangu wa pili pale Mlimani, katika maktaba ya Chuo Kikuu, nikitafuta kitu kingine kabisa. Nilipofika kwenye neno Kondoa nilikifunga kitabu. Babu alikuwa amefariki miezi michache kabla. Toka relini hadi Kondoa, alivyosema. Hakuwa na ramani wala kitabu; alikuwa na maneno ya baba yake tu, nayo yalikuwa sahihi.

Baadaye shangazi yangu mkubwa alinisimulia yaliyobaki. Baba yake babu alirudi baada ya miaka miwili, bega lake la kulia limeshuka, na hadi kufa kwake hakuweza kuinua jembe juu ya kichwa. Mdogo wake hakurudi. Walitenganishwa wakati jeshi lilipokwenda kusini, na hakuna aliyejua alikufa kwa njaa, kwa ugonjwa au kwa risasi. Nyumbani hawakupata maiti ya kuzika. Mtoto wa kiume aliyezaliwa baadaye akapewa jina lake, na mtoto huyo ndiye babu yangu. Kwa hiyo siku ile nilipocheka nilimcheka mtu ambaye jina lake lenyewe ndilo lililokuwa kaburi la mpagazi wa mzinga ule.

Looff aliendelea. Mwishoni mwa mwaka 1916 alipelekwa kusini, kwenye mpaka wa Msumbiji, ambako Wareno walikuwa wamevuka Ruvuma na kuteka Newala. Aliwazingira, na mwezi Novemba wakaikimbia ngome usiku. Baada ya hapo alipigana upande wa Lindi. Novemba 1917, von Lettow-Vorbeck alipochuja jeshi lake ili avuke kuingia Msumbiji na watu wenye nguvu tu, Looff na wengi wengine waliachwa nyuma, wakawa wafungwa wa Waingereza. Mwezi Machi 1919 wote wawili walikuwa Berlin, katika gwaride la kuwapokea waliorudi kutoka Afrika. Mwaka 1929 alitoa kitabu cha kumbukumbu zake za baharini na porini. Alifikia cheo cha makamu wa amirali, akaishi miaka 80.

Meli yake ilikufa polepole kuliko yeye. Mwaka 1924 haki ya kuchukua vyuma vyake ilinunuliwa kwa pauni 200, na mnunuzi alikuwa yule yule aliyekuwa nahodha wa Pegasus, Ingles. Sijui kama alicheka. Watu waliendelea kuichokonoa kwa miaka mingi, hadi katika miaka ya 1960 mabaki yakazama chini ya matope. Mizinga mitatu imebaki: mmoja Pretoria, mmoja Jinja, na mmoja Mombasa penye Fort Jesus, ambapo umewekwa pamoja na mzinga wa Pegasus. Niliusimamia huo wa Mombasa mwaka 2011 nilipokwenda kwa mkutano wa kikazi. Niliweka bega langu chini ya mtutu wake. Mlinzi akanifukuza, na alikuwa na haki.

Je, Looff alikuwa mtu mbaya? Nimejiuliza mara nyingi. Alikuwa hodari, mvumilivu, na watu wake walimtii hata mambo yalipoharibika. Hakulianzisha yeye jambo la kuwakamata watu vijijini na kuwafanya wanyama wa mizigo. Serikali yake ilifanya hivyo, na Waingereza walifanya zaidi, kwa kuwa jeshi lao lilikuwa kubwa zaidi. Wanahistoria wanakisia kuwa wapagazi wapatao 100,000 walikufa wakiwatumikia Waingereza peke yao, na mtaa wa Kariakoo, Dar es Salaam, umepata jina lake kutokana na kambi ya wapagazi hao. Nahodha alihitaji mitambo itengenezwe, akapewa watu. Alihitaji mizinga ihamishwe, akapewa watu. Lawama yangu kwake ni ndogo lakini siwezi kuiondoa: mtu aliyeona umuhimu wa majina ya wafu kuandikwa ubaoni alikuwa anajua majina yana kazi gani.

Mwaka 1964 serikali ya Ujerumani ya Magharibi iliamua kuwalipa askari wazee wa Kiafrika waliomtumikia von Lettow-Vorbeck malimbikizo ya mishahara yao. Wazee mia kadhaa walijitokeza. Kwa vile wengi hawakuwa na hati yoyote, husimuliwa kwamba walipewa ufagio badala ya bunduki na kuamrishwa kwa Kijerumani, na kila mmoja aliitikia amri barabara. Lakini malipo yale yalikuwa ya askari. Mpagazi ungempima kwa amri gani? Baba yake babu alikuwa na bega lake tu.

Nimeyaandika haya kwa sababu najua si sisi peke yetu. Katika mkutano wetu uliopita, wakati wa chakula, nilimsimulia mwenzangu mmoja wa kutoka Galapo, naye akaniambia kuwa nyumbani kwao lipo jina la namna hiyo hiyo, nalo limerithishwa mara tatu. Mwingine wa Bereko akasema kwao kuna bonde ambalo wazee walilikataza watoto kwa sababu ya vyuma vilivyobaki. Hatukuwahi kusemezana habari hizi miaka yote minne tuliyolala bweni moja.

Kwa idhini ya kamati, katibu wa umoja wetu amekubali kuweka daftari katika maktaba ya shule. Ombi langu kwa wanafunzi wa sasa ni kwamba likizo ijayo mkienda nyumbani muwaulize wazee kama yupo aliyechukuliwa katika vita vya Wajerumani na Waingereza: jina lake, kijiji chake, alibeba nini, na kama alirudi. Msiwasahihishe. Andikeni wanavyosema. Mlete shule inapofunguliwa, na wenzangu wa zamani walioko mbali wanaweza kutuma kwa barua kupitia kwa katibu. Daftari lina kurasa 200. Ukurasa wa kwanza una majina mawili, ndugu wa tumbo moja wa Bonga, na mbele ya la pili nimeandika kuwa hakurudi.